Gunia la Mchanga Kiti cha Mbele

Toropetsu, Hokkaido
Jumamosi, mwezi wa pili

Kaka Tetsuro mpendwa,

Shikamoo kaka. Naamini karatasi hii itakukuta mzima huko Nagoya, wewe na wifi Chikako na wanangu wote wawili. Mgongo wako umepoa? Na yule mdogo, kile kikohozi chake kimemwacha? Wape salamu zangu zote, uwaambie shangazi yao hajawasahau. Ukitaka kujua hali yetu sisi, baba mzima, mama ni figo zake zile zile, na mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujarudi mahali pake. Kaka, nimeshtuka. Nimeshtuka mshtuko ambao sikujua kama mtu anaweza kushtuka hivyo na bado akaendelea kupika wali jioni yake.

Sikukupigia simu kwa sababu masikio ya baba siku hizi yanasikia hata paka akipiga miayo nyumba ya pili, na kwa nini iwe hivyo utajua mwenyewe ukisoma. Tena nakujua wewe. Kwenye simu ungeanza kunifokea kabla sijafika katikati. Karatasi haifokewi. Basi kaa chini, mimina chai yako, usome mpaka mwisho ndipo utukane.

Ulinituma nije nichukue funguo za gari. Maneno yako ninayo kichwani yote: mzee ana miaka sabini na tisa, gari lenyewe ni kopo lenye magurudumu, theluji ya huko haina mzaha, siku moja tutaletewa habari ya maiti mbili. Ukasema nisirudi kwangu Naha bila funguo mkononi. Nami nikaitikia ndiyo, tena kwa kiburi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ninakoishi barafu pekee ninayoiona ni ya kwenye glasi. Nilijua nini?

Walinipokea stesheni mjini, siku ambayo mama alikuwa ametoka kusafishwa damu. Gari ni lile lile, kaka, lile boksi jeupe lililokuwa likibeba tofu ya soya ya duka letu. Ubavuni bado yanasomeka maandishi ya duka, ingawa nusu yamebabuka. Baba akashuka, akanishika mikono yote miwili, akasema sijabadilika hata kidogo, na kwamba nywele zangu ndefu zile siku moja zitakuja kukwama mlangoni. Mimi nimekata nywele tangu kiangazi, kaka. Zinaishia masikioni. Nikadhani ananisuta kwa kuzikata, unamjua baba anavyosema jambo kwa kulizunguka. Nikacheka, mama naye akacheka haraka haraka, akanisukuma niingie nyuma kabla sijagandishwa na upepo.

Huko nyuma nilikaa na koleo la theluji, blanketi, na magunia mawili ya mchanga. Unakumbuka zamani tulivyokuwa tukibanwa na matangi ya tofu? Gari lile injini iko chini ya viti vya mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Siku za tofu lilikuwa na uzito wake, likashika barabara vizuri. Sasa ni tupu, na upepo wa baharini ukilikuta kwenye uwanda wa mashamba unalisogeza kama kisanduku cha karatasi. Ndiyo maana kila mtu huku mwenye gari dogo hubeba mchanga wakati wa baridi. Na ndiyo maana, baba akaniambia bila kugeuka, siku hizi hata akienda kununua sigara lazima ambebe mama, kwa sababu magunia mawili hayatoshi, na mama ni gunia la tatu. Mama akamjibu kwamba gunia la mchanga halimkumbushi mtu kuvaa soksi. Baba akasema tena halimgombezi. Wakaendelea hivyo hivyo njia nzima.

Mpaka jirani yetu, Mzee Urabe, ameshika wimbo huo. Asubuhi yake alikuwa anasafisha theluji kwa trekta lake mbele ya lango, akamwona mama anapanda, akapiga kelele kumwuliza baba leo gunia lina kilo ngapi. Mama akamwambia aje alibebe ajue. Kijiji kizima kinacheka. Nami nilicheka, kaka. Nilicheka kwa sauti.

Lakini jambo moja liliniudhi, na nilikuwa nimelipanga kuwa la kwanza kukuandikia. Mama anaongea. Si kidogo. Akishapanda gari tu mdomo hauna breki. Anasema taa ya posta nyekundu leo inawaka sana, kama imepanguswa. Anasema mke wa Urabe ameegesha vibaya, matako ya gari lake yako barabarani kabisa. Anasema ile mishale inayoning'inia juu ya barabara, ile inayoonyesha ukingo uko wapi, mmoja umepinda upande wetu. Anasema lori linakuja, na kwamba dereva wake ana haraka kama anafuatwa na mkwe. Anasema mtoto wa shule kavaa kofia ya njano, huyo hapo kwenye kivuko, anavuka, amevuka. Kila kitu! Hakuna kijiti kilichopita bila kutajwa. Nami nyuma pale nikajisemea kumbe figo zimepanda kichwani. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwenye simu kwamba mama siku hizi ana maneno mengi, labda uzee umeanza kumchezea akili. Nikaona kweli lisemwalo lipo.

Jioni ya pili, tukiwa tumeingiza miguu chini ya meza yenye hita, mbele yetu chungu cha samaki na kabichi, nilitoa ujumbe wako. Nilimwambia baba kwamba mwezi wa tatu leseni yake inakwisha, na kwamba wewe na mimi tunamwomba airudishe polisi kwa heshima zake, bila kungoja apimwe na kuaibishwa. Hakukasirika. Aliuliza tu mama atafikaje mjini mara tatu kwa wiki. Treni ya huku iling'olewa, basi limekufa, teksi ya mjini haitaki kuja huku theluji ikianguka. Nikasema kuna nyumba ya wazee mjini, karibu kabisa na hospitali. Akaniuliza kama naijua. Nikakiri kwamba naijua kwa picha. Akaniambia yeye alikwenda. Chumba ni cha mtu mmoja, kitanda ni cha mtu mmoja, na wanachukua mgonjwa tu. Mama, bila kuinua macho kwenye bakuli lake, akasema gunia la mchanga likishushwa gari linapinduka. Baba akaomba aongezewe kabichi. Mimi nikasema moyoni kwamba porojo hazitanizuia, funguo nitazichukua kabla ya wiki kuisha, wapende wasipende.

Kaka, sasa ndio naingia kwenye lenyewe.

Jumanne ile tufani ilifunga barabara. Mama hakusafishwa damu. Kufikia Alhamisi miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii, na akilala anahema. Hospitali ilipiga simu ikasema aje kwa vyovyote. Asubuhi mbingu zikafunguka kidogo, greda likapita, Mzee Urabe akaja kusema njia ipo lakini wawahi, maana bahari inanguruma vibaya. Tukatoka. Baba usukanini, mama pembeni yake, mimi na magunia yangu nyuma.

Mwanzo ilikuwa sawa. Unazikumbuka zile njia za magurudumu zinazochimbwa na malori kwenye barafu? Gari letu ni jembamba, haliwezi kuzikalia zote mbili. Gurudumu moja limo shimoni, jingine limepanda tuta, tunakwenda tumeinama upande. Baba hakubishana nalo hata mara moja. Vidole vimelegea kwenye usukani, mwendo ule ule, na kila penye mteremko anapunguza mapema, gia baada ya gia, breki haigusi. Nilianza hata kujiuliza kama si sisi tunaomwonea mzee wa watu. Na mama pembeni anaendelea na redio yake, sasa kwa pumzi za kukatika: kona ya maghala hiyo, mti wa Kasuya umeanguka nusu, upande wetu kuko wazi. Nikamwomba anyamaze apumzike. Baba ndiye aliyejibu, kwa ukali ambao sijamsikia nao tangu utoto, kwamba nimwache mama aseme.

Tulipofika pale uwanda ulipo, bahari kushoto na mashamba kulia, upepo ukaja wote kwa mara moja. Ala! Barabara haipo, bahari haipo, pua ya gari haipo. Weupe mtupu, juu chini ni kumoja. Na mama akanyamaza.

Nikamshukuru Mungu, kaka. Haki ya nani, nilishukuru kwamba hatimaye yule mama amefunga mdomo.

Baba akamwita mama kwa jina, Kinu, mbona kimya. Mama akasema hakuna kitu. Baba akauliza tena, mishale je. Mama akasema mishale hakuna, hakuna chochote, simama. Baba akasimama. Niliuona mkono wake ukienda kwenye goti la mama na kuling'ang'ania. Nikadhani ni baridi.

Kukaa pale haikuwezekana. Ukisimama katikati ya barabara, lori la samaki linakuja nyuma yako na halikuoni mpaka limeshakupanda. Ukizima injini unaganda. Ukiiacha inawaka, theluji inaziba bomba la moshi na moshi unakuja kukulaza ndani usiamke. Haya baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Basi nikasema nitashuka nitembee mbele, kama walivyokuwa wakifanya zamani, na gari linifuate pole pole mpaka kwenye lile banda la kuzuia upepo lililo kando ya barabara. Nilifunga skafu yangu nyekundu kwenye mpini wa koleo. Mama akakataa. Akakataa kabisa, akanishika mkono, akasema tungoje. Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba haifai. Nikahamaki. Niliwaambia mimi si mtoto, nina miaka arobaini na sita, na kama wanangoja kufa basi mimi sikuja Hokkaido kufa. Nikashuka, nikabamiza mlango.

Nilitembea. Theluji inaingia masikioni, puani, inachoma. Naipata nguzo moja ya mshale, naishika, natafuta ya pili. Nikigeuka naona taa mbili za manjano zinakuja nyuma yangu, hatua kwa hatua, vizuri kabisa. Nikainua koleo, skafu inapepea, nikajisikia shujaa. Kisha mbele yangu pakatokea ukuta. Kulikuwa na gari kubwa limekwama, wenyewe wameliacha, limefunikwa, limekuwa kilima, katikati ya njia yetu. Nikageuka. Nikainua mikono yote miwili juu, koleo na skafu na yote, nikapiga kelele kwamba asimame.

Hakusimama.

Kaka, baba alikuwa ananitazama. Lile gari halina pua, unajua, dereva amekaa kwenye kioo kama mtu aliye dirishani. Nilimwona uso wake wazi, miwani, kofia ya sufi, macho mawili yamefunguka na yamenielekea mimi, ametulia kabisa. Alinitazama usoni akaendelea kuja. Nilipunga, nilipiga kelele, akaendelea kuja. Sikuweza hata kukimbia. Bampa likanigusa magoti, likanisukuma mpaka mgongo ukagota kwenye lile gari lililozikwa, na ndipo nikakipiga kioo kwa kiganja kwa nguvu zangu zote.

Akakanyaga breki. Nilikuwa pale, pua yangu na pua yake katikati pana kioo tu. Na nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na hofu, "Kinu, tumegonga nini?"

Tumegonga nini! Mimi niko mbele ya macho yake!

Mama alikuwa ameinamia magoti yake. Kichefuchefu kilimpanda kwa sababu ya ile damu chafu, akafumba macho kwa pumzi mbili tatu, basi, pumzi mbili tatu tu. Alipoinua kichwa akaniona nimebanwa pale, akatoa ukelele ambao mpaka leo nausikia nikiosha vyombo. Akamwambia baba, ni Fumie. Umemgonga Fumie. Baba akautoa mkono kwenye usukani akaanza kukipapasa kioo kwa ndani, anaupapasa uso wangu usioshikika, huku anauliza yuko wapi, yuko wapi.

Baba haoni, kaka.

Mama akamwambia arudishe gari nyuma, nikachomoka, nikaingia ndani, nikakaa juu ya magunia. Wakanieleza wote wawili kwa zamu, mmoja akishindwa mwingine anapokea. Macho yalianza kufa katikati, majira ya baridi ya mwaka juzi. Pembeni bado anaona mwanga na vivuli. Katikati hamna kitu, ni doa la kijivu, na doa hilo linakaa pale pale anapotazama. Daktari alimwambia aache kuendesha. Walirudi nyumbani siku hiyo, wakakaa mezani, mama akasema mimi nina macho sina nguvu, wewe una mikono huna macho, jumla yetu ni dereva mmoja. Wakaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa ile shule yetu iliyofungwa. Mchana, hadharani, watu wanapita wanawapungia. Wakiwa peke yao mama husema kulia, kushoto, punguza, simama. Akiwepo mtu mwingine husema posta, kofia ya njano, matako ya gari la mke wa Urabe. Na ule mzaha wa gunia la mchanga waliutunga wenyewe, ili mtu asije akauliza kwa nini mzee hatoki bila mkewe hata kwa sigara.

Unaelewa? Uzee haujamchezea mama akili hata kidogo. Yale maneno yote tuliyomcheka wewe na mimi yalikuwa macho ya baba.

Niliwatukana, kaka. Sikufichi. Niliwaambia wangemuua mtoto wa mtu. Yule wa kofia ya njano ana mama yake, ana bibi yake, na ninyi mnamchezea bahati nasibu kila asubuhi. Niliwaambia ni wauaji ambao hawajapata wa kumuua bado. Nililia huku nasema, maneno mengine hata sikumbuki. Hawakujitetea. Baba alivua kofia akainamisha kichwa mpaka kikagusa usukani, akasema nina haki. Mama akasema alijua siku hii ingekuja, ila aliomba imkute mtu mzima mwenye makosa, si mtoto. Kisha akasema, kwa unyenyekevu ambao uliniua kuliko lile bampa, kwamba wao walikuwa hawataki kufa mbalimbali, basi.

Lakini maneno hayafiki hospitali. Mama pumzi zinakatika, nyuma hatujui kinakuja nini. Nikamwambia baba ashuke ahamie nyuma.

Unaijua leseni yangu mimi. Niliipata nikiwa msichana, nikaiweka kwenye pochi, inakaa humo inanisaidia kama kitambulisho cha kuchukulia vifurushi posta. Theluji sijawahi. Gari la gia sijalishika tangu shule ya udereva. Nilikalia kiti kile bado kina joto la baba. Nikaliwasha, likazimika. Nikaliwasha, likaruka kama chura, likazimika. Kutoka nyuma, juu ya magunia, sauti ya baba ikaniambia nisibane klachi kama koo la kuku. Nikamwambia asinifundishe. Akasema basi endelea kulirusha mwenyewe mpaka lori litukute. Nikafanya alivyosema: nikaanzia gia ya pili ili gurudumu lisizunguke bure, nikaachia mguu pole pole, na lile kopo likatambaa, likakipita kile kilima.

Upepo ukalegea kidogo. Mama akaanza: mshale huo, Fumie, upande wangu, sogea kwako. Mimi naona, kaka, nina macho yangu. Lakini hata ninachokiona nilikuwa sikiamini mpaka mama akitaje. Kwenye mteremko wa daraja nyuma ikateleza, gari likawa linakwenda ubavu ubavu. Nikapiga ukelele. Baba akasema usiguse breki, wewe mtoto, unadhani unaua mende? Peleka usukani kule mkia unakokwenda, ulegeze, gari jepesi halitaki nguvu. Nikaupeleka. Likarudi lenyewe. Akajuaje? Aliusikia mkia ukiondoka chini ya makalio yake, akaniambia baadaye, kabla hata mimi sijajua kwamba nateleza.

Tukafika. Wakamchukua mama kwa kiti cha magurudumu wakamfunga kwenye mashine, na daktari akatugombeza kwa kuchelewa. Nilikubali kila alichosema. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa barabarani. Nilikaa na baba kwenye benchi la kusubiria, hili hili ninaloandikia leo. Alikuwa ameshika zile funguo. Akazipapasa, akautafuta mkono wangu, akaziweka humo. Akaniuliza kama magoti yananiuma.

Jana tulikwenda kituo cha polisi, akairudisha leseni mwenyewe. Askari kijana akampongeza kwa kustaafu bila ajali. Mimi nikatazama ukuta.

Basi funguo ulizonituma ninazo, kaka. Na sirudi nazo. Hili ndilo nililokuwa naogopa kukuandikia tangu mstari wa kwanza. Nimepiga simu kazini Naha, nimeomba waniachie mpaka theluji iyeyuke, wakikataa basi. Alhamisi, Jumamosi, Jumanne, mimi ndiye dereva. Leo nimezima gari mara moja tu. Mzee Urabe alipotuona asubuhi tumebadilishana viti alibaki ameduwaa na koleo lake, kisha akauliza gunia limekwenda wapi. Baba akamjibu kutoka nyuma kwamba gunia ni yeye, na kwamba lina kilo sitini na mbili pamoja na meno ya bandia.

Mama bado anataja kila kitu. Nilimwambia mara ya kwanza kwamba sasa anaweza kupumzika, mimi naona. Akasema haniambii mimi. Na kweli, nilipotazama kwenye kioo cha nyuma nilimwona baba amefumba macho kati ya magunia, kichwa anakitikisa: posta, ndiyo, mti wa Kasuya, ndiyo. Tulipofika kwenye uwanda, kweupe, shwari, hakuna cha kutaja, mama akakaa kimya kidogo. Baba akauliza, Kinu, mbona kimya. Mama akanigeukia mimi. Akamwambia: amekata nywele, zinaishia masikioni. Ana mvi upande wa kushoto, si nyingi. Chini ya macho kumeanza kulegea kama kwako. Akiendesha anang'ata mdomo. Amefanana na mama yako, yule yule.

Darajani baba akaniomba radhi kuhusu zile nywele ndefu, siku ile ya stesheni. Akasema ndizo alizobaki nazo akilini. Ilibidi nisimamishe gari pembeni, kaka, maana mimi nami nilikuwa sioni.

Baadaye akauliza habari zako. Unafananaje sasa, umenenepa, kipara kimefika wapi. Mama akasema hawezi kumwambia, hajakuona miaka minne. Basi njoo. Sikuiti uje kugombana wala kuendesha, ingawa siku moja moja ungenipumzisha. Njoo ukae kiti cha mbele mama akutazame vizuri, ili baba akuone.

Wauguzi wanaita, mama anatolewa mashineni, na nje theluji imeanza tena. Nisalimie wifi, wabusu watoto kwa niaba yangu. Baba anajifanya amesinzia begani kwangu, lakini najua anaisikia kalamu hii. Anasema nikuandikie uvae soksi mbili mbili.

Mimi mdogo wako,
Fumie